Je, kani zote za maumbile zina asili moja ya kijiometri?

"Nafundisha fizikia sekondari hapa Morogoro, huu ni mwaka wa tisa. Kila nikiandika ubaoni kanuni ya Newton ya mvutano na ile ya Coulomb ya chaji, lazima mwanafunzi mmoja aulize mbona zinafanana hivyo, nami sina jibu linaloniridhisha. Nimesoma kwamba kwa Einstein mvutano ni kupinda kwa nafasi na wakati. Je, umeme, sumaku na zile kani mbili za nyuklia nazo ni kupinda kwa kitu fulani? Na kama ndivyo, zote zina asili moja? Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika usiku, nimefikisha kurasa 40 za nadharia inayoufanya umeme uwe mpindo wa nafasi hii hii, kama mvutano. Nilizituma kwa jarida moja la mtandaoni. Baada ya siku mbili wakanijibu kwamba wamezikubali, nilipe dola 350. Mke wangu anasema nisubiri. Naomba uniambie ukweli."

Mwalimu wangu, mkeo amesema vema. Usilipe. Habari ya hizo dola tutairudia, kwanza swali lako, maana ni zito na limebeba maswali mawili kwa pamoja. La kwanza: je, kani zote zinaelezeka kwa jiometri? Jibu ni ndiyo, na ushahidi wake umeonekana maabara. La pili: je, zina asili moja? Hilo limewashughulisha watu kwa zaidi ya miaka 100 na bado halijafungwa. Wengi wanaoandika juu ya mambo haya huchukua jibu la swali la kwanza wakalibandika kwenye la pili, na nadhani ndipo ulipokwama na wewe.

Tuchukue mfano wa lugha. Kiswahili kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiajemi kinaandikwa kwa herufi za asili hiyo hiyo mpaka leo. Mtu asiyejua lugha yoyote kati ya hizo, akiwekewa mezani barua ya Kiswahili, ya Kiajemi na ya Kiarabu, ataapa kwamba ni lugha moja. Hati ni ya pamoja, nasaba ni tatu mbalimbali. Sasa mwekee Kiswahili na Kiganda: mtu na watu huku, omuntu na abantu kule. Hapo kufanana kumetokana na damu. Kwa hiyo swali lako naliona hivi: jiometri inayozikutanisha kani ni hati waliyoazimana, au ni damu?

Tuanzie ubaoni kwako. Kanuni ya Newton na ya Coulomb zote zinapungua kwa mraba wa umbali. Lakini hata mwanga wa koroboi unapungua hivyo hivyo. Ukisogea mara mbili ya umbali, mwanga ule ule unatandazwa juu ya tufe lenye eneo mara nne, kwa sababu eneo la tufe hukua kwa mraba wa nusu kipenyo chake. Chochote kinachosambaa pande zote bila kupotea njiani, katika nafasi yenye urefu, upana na kimo, kitafuata kanuni hiyo. Basi mwanafunzi wako ameona jambo la kijiometri kweli, ila ni habari ya nafasi tunamoishi. Undugu wa kani mbili hautokani na hapo, kama ambavyo koroboi haina undugu na sayari.

Ukizichunguza kwa karibu tofauti ni kubwa. Chaji ziko za aina mbili, masi ni ya aina moja. Ukiweka protoni mbili jirani, umeme unazisukuma kwa kani inayozidi mvutano wao mara 1 yenye sifuri 36 nyuma yake. Na zile kani mbili za nyuklia hazifuati kabisa kanuni ya ubaoni: ile dhaifu hufifia ndani ya umbali mdogo kuliko protoni yenyewe, na ile kali, inayozishika kwaki ndani ya protoni, haipungui hata ukizivuta kwaki zikaachana.

Sasa mvutano. Picha ya shuka lililobonyezwa na mpira mzito naomba uiache darasani kwako, kwa sababu inatumia mvutano kuelezea mvutano: ni nini kinachoubonyeza ule mpira? Chukua ramani badala yake. Mtu mmoja aondoke Nanyuki, mwingine Mbandaka kule Kongo. Miji yote miwili iko kwenye ikweta, na kati yake pana zaidi ya kilomita 2,000. Kila mmoja aende kaskazini moja kwa moja, asikate kona hata kidogo. Wameanza sambamba, lakini wataona umbali kati yao unapungua mpaka wagongane kwenye Ncha ya Kaskazini. Hakuna aliyewavuta. Uso wa dunia umepinda, basi.

Yule wa Nanyuki tumpe na mkuki. Unaelekea kaskazini, naye hauzungushi njia nzima. Anapanda mpaka Nchani, anashuka upande wa pili mpaka Macapá kule Brazili, mji mwingine wa ikweta, robo ya dunia kutoka Nanyuki, kisha anarudi nyumbani kwa kufuata ikweta. Akifika Nanyuki mkuki wake unatazama magharibi! Hajauzungusha hata mara moja, ila mzunguko wenyewe umeugeuza kwa karibu nyuzi 90. Naomba ukae na mkuki huu, kwa sababu wanahisabati wanapotaja mpindo humaanisha hicho tu: unazunguka, unarudi ulipoanzia, na ulichobeba hakilingani tena na ulivyokiacha.

Alichokiona Einstein mwaka 1915 ni kwamba mvutano unaweza kuelezwa hivyo, na sababu ni moja kubwa: vitu vyote huanguka sawasawa, jiwe, embe, hata mwanga. Kama njia haitegemei anayepita, basi njia ni mali ya mahali. Na kinachopinda zaidi hapa kwetu ni wakati. Saa iliyo kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu, inaitangulia saa iliyo ufukweni Tanga kwa takriban sehemu 20 za milioni za sekunde kila mwaka. Ni kidogo, lakini saa za setilaiti za GPS hutangulia zetu kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, na zisingerekebishwa, simu yako ingekosea mahali ulipo kwa kilomita kama 10 kwa siku moja tu.

Hapo ndipo kurasa zako 40 zinapokutana na kikwazo. Umesema umeme uwe mpindo wa nafasi hii hii. Pitisha elektroni, protoni na nyutroni kati ya bamba mbili zenye chaji. Elektroni itapinda upande mmoja, protoni upande wa pili, nyutroni itapita moja kwa moja kana kwamba bamba hazipo. Kama nafasi yenyewe ndiyo iliyopinda, ilikuwaje nyutroni isijue? Mwalimu, hili halihitaji hesabu ngumu, na linatosha. Usilione kama aibu. Hermann Weyl, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne iliyopita, alifika karibu na hapo mwaka 1918. Alipendekeza kwamba urefu wa rula utegemee njia iliyopitishwa, na tofauti hiyo ndiyo iwe umeme na sumaku. Einstein akamjibu kwamba basi atomi mbili za hidrojeni zilizopita njia tofauti zingetoa rangi tofauti, na tunajua hidrojeni ya Jua na ya maabara zinatoa mistari ile ile ya rangi. Kipingamizi hicho kikachapishwa pamoja na makala yenyewe. Miaka 11 baadaye, mwaka 1929, Weyl aliirudia hoja yake akabadilisha kitu kimoja: akauacha urefu wa rula, akachukua mkono wa saa unaozunguka ndani ya wimbi la elektroni. Safari hii alipatia.

Mkono wa saa ni nini? Wewe na mimi tuna bahati ya kuelewa hili kuliko wengi, kwa sababu ya namna tunavyohesabu saa. Mshale mfupi uko kwenye 7, nawe unasema ni saa moja asubuhi. Mgeni kutoka London anasema saba. Basi la Dodoma linaondoka wakati ule ule kwa nyote wawili, kwa kuwa mahali pa kuanzia kuhesabu ni makubaliano tu. Sasa tuseme kila mji umejichagulia mwanzo wake. Msafiri hawezi kulinganisha saa za miji miwili mpaka apewe jedwali la njiani: kutoka Morogoro ukifika Dodoma ongeza saa mbili, Dodoma hadi Iringa punguza saa tano, Iringa kurudi Morogoro kupitia Mikumi ongeza saa tatu. Muda wa safari tuuache, tuhesabu mabadiliko tu. Ongeza mbili, toa tano, ongeza tatu: sifuri. Umerudi nyumbani na saa yako inalingana na ya mkeo. Majedwali yale yalikuwa majina tu.

Lakini jedwali la mwisho likisema saa tatu na dakika 20, utarudi ukiwa umepishana na mkeo kwa dakika 20. Kesho watu wa Dodoma wakibadilisha mwanzo wao wa kuhesabu, majedwali mawili yanayoigusa Dodoma yatabadilika, moja litapanda na jingine litashuka kwa kiasi hicho hicho, na dakika 20 zitabaki pale pale. Hakuna kubadili majina kunakoweza kuzifuta. Ni ule mkuki wa Nanyuki umerudi kwa sura nyingine. Katika fizikia, saa ya kila mji ni mkono unaozunguka ndani ya wimbi la elektroni, majedwali ndiyo yale ambayo vitabu vinayaita potenshali za uga wa sumakuumeme, na zile dakika 20 ni uga wa sumaku unaopita katikati ya mzunguko wako. Elektroni na protoni zinasoma majedwali yale yale kinyumenyume, ndiyo maana zinapinda pande tofauti. Nyutroni, ikichukuliwa nzima, haina chaji, basi haiyasomi. Sumakuumeme ni mpindo kweli, ila haupo katika nafasi tunayotembea. Upo katika duara dogo la ndani ambalo kila nukta ya nafasi imelibeba, kama kila mji ulivyobeba saa yake.

Mimi mwenyewe nilipiga hesabu hizi mwaka mzima nikiwa mwanafunzi kabla ya kuona kwamba nilichokuwa nikifanya ni jiometri. Na nisingekuwa na ujasiri wa kukuandikia neno "kweli" hapo juu kama si jaribio moja. Mwaka 1959 Yakir Aharonov na David Bohm walieleza kwamba ukiufungia uga wa sumaku ndani ya kitu kiasi kwamba elektroni haiugusi, kisha ukapitisha elektroni kushoto na kulia yake, mawimbi yao yakikutana mbele, mistari yanayoichora itahama. Mahali elektroni zilikopita hapakuwa na sumaku hata chembe. Zilichofanya ni kuizunguka. Akira Tonomura na wenzake kule Japani walilithibitisha mwaka 1986 kwa sumaku ndogo ya umbo la pete, iliyofunikwa vizuri ili uga usivuje. Mistari ilihama. Elektroni ilirudi na dakika zake 20.

Kani kali na kani dhaifu zinafuata njia hiyo hiyo, na hapa nitakwenda haraka. Mwaka 1954 Chen Ning Yang na Robert Mills waliuliza: je, kama kilicho ndani ya kila nukta kina zaidi ya mkono mmoja unaozunguka? Chukua kitabu, kilaze mbele, kisha kigeuze kulia. Kirudishe, uanze na kulia, umalizie na mbele. Hakitakaa vile vile. Mzunguko wa namna hii unajali nini kimetangulia, na kutokana na hilo peke yake inafuata kwamba vibebaji vya kani, yaani chembe zinazoipeleka kani, vinaathiriana vyenyewe kwa vyenyewe, jambo ambalo fotoni, chembe za mwanga, hazifanyi. Kwa kani kali vibebaji hivyo ni gluoni, vya aina 8, vinavyogeuza kile tunachokiita rangi za kwaki, ambazo ni tatu. Ndiyo maana kwaki haziachani. Kwa kani dhaifu ni chembe za W na Z, zilizoonekana CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, mwaka 1983. Zina uzito wa karibu protoni 86 na 97, uzito wanaoupata kwa uga wa Higgs, uga uliojaa kila mahali, na uzito huo ndio unaoufanya mfiko wao uwe mfupi kiasi kile.

Kwa hiyo hati ni moja, hilo limekwisha. Damu je?

Kuna mahali pamoja ambapo undugu umeonekana. Sheldon Glashow, Steven Weinberg na Abdus Salam walionyesha kwamba sumakuumeme na kani dhaifu zimechanganyika tangu mwanzo, wakapewa Nobeli mwaka 1979. Hata hapo niwe mkweli: ndani ya nadharia yao kuna mizunguko miwili ya ndani yenye nguvu mbili tofauti, na kiasi cha kuchanganyika kwao hupimwa maabara, nadharia yenyewe haikitaji. Mimi ningewaita watu wa nyumba moja, sijui kama ni watoto wa tumbo moja.

Mwaka 1974 Howard Georgi na Glashow walijaribu kuingiza na kani kali, zote tatu ndani ya muundo mmoja. Uzuri wa wazo hilo ni kwamba linaeleza mbona chaji ya protoni na ya elektroni zinalingana barabara. Gharama yake ni kwamba protoni lazima siku moja ioze. Japani wana tangi chini ya mlima, Super-Kamiokande, lenye tani 50,000 za maji safi, linalongojea protoni moja tu ioze. Tangu 1996 haijaonekana hata moja, na sasa tunajua kwamba, kwa njia ya kuoza iliyotarajiwa zaidi, protoni huishi kwa wastani zaidi ya miaka 1 yenye sifuri 34. Wazo la 1974 kwa sura yake ya kwanza limekufa. Ndugu zake wakubwa bado wanapumua, ila kani hizo tatu zinatarajiwa kukutana kwenye nishati mara trilioni hivi ya ile ya mashine ya CERN yenye mzingo wa kilomita 27. Hatutafika huko kwa mashine.

Na mvutano? Hapa pana wazo ninalolipenda kuliko yote, na linagusa moja kwa moja ulichokuwa ukikitafuta usiku. Mwaka 1919 Theodor Kaluza alimwandikia Einstein: iandike nadharia yako ya mvutano katika nafasi yenye mwelekeo mmoja wa ziada, na kanuni za sumakuumeme zinajitokeza zenyewe. Makala ilitoka 1921. Mwaka 1926 Oskar Klein akaeleza kwa nini hatuuoni mwelekeo huo: umejikunja. Kamba ya nanga ya jahazi ukiitazama kutoka ufukweni ni mstari. Mdudu aliye juu yake anajua kwamba anaweza pia kuizunguka. Chaji, kwa wazo hili, ni mwendo wa kuizunguka kamba. Anayezunguka kulia ana chaji chanya, kushoto hasi, asiyezunguka hana chaji, kama nyutroni. Unaona? Lile duara la ndani linakuwa nafasi ya kweli, na kikwazo cha bamba mbili kinaondoka. Lakini hesabu ikatoa elektroni nzito mara mabilioni ya mabilioni kuliko iliyopo. Wazo likalala, mpaka nadharia ya nyuzi, inayoziona chembe kama nyuzi ndogo zinazotetemeka, ilipolichukua kwa mielekeo sita ya ziada. Huko mvutano unatokea bila kulazimishwa, na hiyo ni sifa kubwa. Shida ni kwamba namna za kuikunja mielekeo hiyo sita ni nyingi mno, makadirio yanayotajwa ni 1 yenye sifuri 500, na hakuna jaribio lililochagua hata moja.

Kama unataka maoni yangu, mimi naamini ni damu. Sioni namna ambavyo kani nne zingeazima hati ngumu kiasi hiki kwa bahati. Lakini imani yangu haipaswi kuingia kwenye daftari la mwanafunzi wako. Mwandikie kilichopimwa.

Sasa dola zako. Majarida mengine ya heshima hutoza ada, ila baada ya wataalamu kuyasoma makala na kukurudishia maswali, kazi inayochukua wiki nyingi au miezi. Anayekubali kurasa 40 kwa siku mbili bila swali hata moja hajazisoma. Zifupishe ziwe mbili: unadai nini, na ni kipimo gani kitakachoonyesha kwamba umekosea. Ukiwa nazo hizo mbili, nenda mwenyewe idara ya fizikia ya chuo kikuu kilicho karibu, umwombe mhadhiri wa fizikia ya nadharia nusu saa mbele ya ubao. Barua pepe yenye kurasa 40 haifunguliwi; mwalimu aliyesimama mlangoni na swali la bamba mbili anakaribishwa. Na kama miaka hii mitatu imekuonyesha kwamba kiu yako ni ya kweli, Kigali kuna taasisi ya utafiti wa fizikia ya EAIFR, iliyoanzishwa 2018 katika Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, kile ambacho Salam yule yule alikianzisha mwaka 1964 kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu. Wanafundisha shahada ya uzamili ya fizikia. Waulize masharti yao.

Ukikaa tena usiku kuandika, anza na nyutroni kati ya bamba mbili. Uiandikie njia yake kwa nadharia yako kama ilivyo sasa, kisha kwa mwelekeo wa tano wa Kaluza, uziweke hesabu mbili hizo kwenye ukurasa mmoja. Hiyo ndiyo karatasi ya kwenda nayo kwa mhadhiri.